Kanada ya Kibosho

Mwaka huu, kama wiki mbili hivi kabla ya Pasaka, mtu aliniingiza kwenye grupu la WhatsApp bila kuniuliza. Jina la grupu ni "Askari wa Kanada", na picha yake ni ndege inayopaa. Nilitaka kutoka hapo hapo, maana kwa umri wangu huu sina tena nguvu za kutumiwa maombi kila alfajiri, lakini wa kwanza kuandika alikuwa Gaudensia wa Tarakea, na Gaudensia akiandika jambo lazima ulisome. Aliandika: "Askari gani ninyi, hata uwanja wa ndege hamkuuona?" Baada ya hapo simu yangu haikupumzika. Watu niliodhani wameshakufa wakaanza kutuma picha za wajukuu. Mwishowe ikaamuliwa tukutane Moshi, kwenye bustani moja ya nyama choma pale Rau, nami nikaenda, nusu kwa hamu na nusu kwa ubishi. Tulikuwa wazee wa sukari na presha, tunatazamana usoni kila mmoja akimtafuta kijana aliyemjua. Tulipomaliza kula, mwenzetu mmoja ambaye siku hizi ana kanisa lake alisimama akasema kambi ile ndiyo iliyotujenga, na akataka kila mtu aseme kwa kifupi alichojifunza mwaka ule. Watu walisema maneno mazuri: uvumilivu, maombi, umoja. Zamu yangu ilipofika nikasema nilijifunza kula viazi kwa uma. Wakacheka, nikaketi. Njiani kurudi nilijikasirikia sana, kwamba mtu mzima mwenye mvi bado nikiulizwa habari za mwaka ule natoa mzaha na kukimbia.

Basi leo sikimbii. Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni. Biashara imefunguliwa, mitumba imejaa sokoni, na mjini Moshi haipiti wiki bila mkutano wa injili wenye vipaza sauti. Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mmoja, najifunza kupiga chapa, na nilikuwa nimeokoka katika ushirika wa vijana uliokutana kwenye ghala la zamani la kahawa. Kiongozi wetu tulimwita Mtumishi tu. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti moja ya kijivu na sauti ya kubembeleza, na ndiye aliyetuambia kuwa Mungu amemwonyesha Kanada. Wazungu walituletea injili kisha wao wenyewe wakaiacha, alisema, na sasa ni zamu yetu kuirudisha. Tungekaa huko miaka mitatu. Waliochaguliwa tulikuwa kumi na kitu, na jina langu liliposomwa nilipiga magoti nikalia kwa furaha, wala siionei aibu furaha ile mpaka leo. Mtumishi akatupa maelekezo: tutaingia kambini kwa mafunzo ya miezi miwili, na kutoka kambini tutakwenda moja kwa moja kupanda ndege. "Kwa hiyo nendeni nyumbani mkaagwe," alisema. "Ageni kabisa. Asibaki mtu na kamba mguuni."

Hapo ndipo mtego ulipotegwa, na hakuna aliyeuona, kwa sababu kwetu Kibosho kuagwa si jambo la kusema kwaheri mlangoni. Sisi ni Wakatoliki, na wokovu wangu wa mjini ulikuwa umeshaleta manung'uniko pale nyumbani, lakini neno Kanada lilimaliza manung'uniko yote. Mama alichinja mbuzi. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipikwa wiki nzima kabla. Paroko alikuja, akanyunyizia sanduku langu maji ya baraka, ingawa alijua naondoka na watu wa madhehebu mengine. Wanawake wa jumuiya yetu waliimba mpaka sauti zikakauka. Mama Kristina, jirani yetu wa chini ya mfereji, alivua sweta lake mwenyewe akanivisha. Kisha Meku Stani, mzee wa ukoo, alikunywa funda la mbege na kunipulizia kifuani ili njia yangu iwe baridi, na mbege ile ikanitiririka ndani ya gauni huku Mtumishi, aliyekuja kushuhudia, akitazama migomba kama mtu anayehesabu mikungu.

"Hiyo Kanada," Meku Stani akamuuliza, "iko Ulaya?"

"Iko mbele ya Ulaya, meku."

"Basi mtoto huyu haonekani hapa mpaka awe amefika mbele ya Ulaya na kurudi," mzee akasema, na watu wakaitikia.

Hakusema kwa kunitisha. Alisema tu sheria iliyojulikana. Mtu aliyeagwa ameagwa, na kabla hajafika alikoagiwa hapaswi kukutana na walioimba na kula mbuzi kwa ajili yake. Pale kijijini kulikuwa na mzee aliyeagwa ujanani kwenda kufanya kazi Lubumbashi, lori likamharibikia njiani, akarudi nyumbani kwa miguu baada ya siku chache. Jina lake la ubatizo lilisahaulika. Yeye akaitwa Lubumbashi, mkewe Mama Lubumbashi, na hata mbuzi wake wakiingia shamba la mtu watu walisema mbuzi wa Lubumbashi wamekula maharage. Wajukuu zake waliitwa hivyo shuleni. Nilikuwa nimemcheka mzee yule tangu utoto, kama kila mtu.

Sasa, kambi yenyewe. Mimi nilitegemea ingekuwa Arusha au Lushoto huko. Tulipakiwa kwenye lori lenye turubai, tukazunguka mjini kuchukua wengine, kisha lori likaanza kupanda, na kadiri lilivyopanda nikaanza kuzitambua kona. Tuliposhuka nilikuta tuko kwenye nyumba ya mbao ya mpasua magogo wa zamani, pembeni mwa msitu, juu kabisa ya kijiji chetu. Ukisimama nyuma ya choo, ukungu ukiondoka, unaiona migomba ya kwetu, na bati la kanisa, na moshi wa jiko la mama. Nilimwambia Mtumishi kwamba pale chini ndipo nyumbani. Akafikiri kidogo, akasema ni jaribu zuri kwangu, na ni miezi miwili tu. Ila nisionekane, kwa heshima yangu na ya huduma, na zaidi kwa heshima ya mama yangu. Nilikubali mwenyewe. Kambi ile haikuwa na lango wala mlinzi, na ndiyo maana siku zile sikujua kama naweza kuiita kifungo.

Wasichana tulilala chumba cha nyuma, sita, kwenye vitanda vilivyogongwa kwa mbao zilizobaki. Ukuta ulikuwa wa ubao mmoja mmoja, na baridi ya mlimani iliingia kwenye nyufa bila hodi. Aliyetutunza ni Mama Mlezi, mwanamke mrefu aliyewahi kukaa Ulaya chuoni, na yeye ndiye aliyetufundisha maisha ya huko. Tulikula kimya, kwa uma na kisu, viazi vya kuchemsha visivyo na kitu na mkate mkavu, kwa sababu, alisema, Kanada hakuna mtori wa ndizi na ni vizuri matumbo yajue mapema. Alitufundisha kwamba mtu wa huko akikuuliza habari unajibu nzuri na kunyamaza, usianze kueleza. Usimuulize mtu ukoo wake. Usiende kwa mtu bila kumwambia kwanza. Usimpe mgeni chakula kabla hujamuuliza kama anakitaka. Gaudensia, aliyelala kitanda cha juu yangu, alisikiliza yote hayo kisha akaniuliza kwa mnong'ono kama tunakwenda kuwahubiria au kuwapa pole. Mchana tulifanya mazoezi ya kuhubiri kwa Kiingereza mbele ya visiki vya mikaratusi. Kila mmoja alikuwa na kisiki chake, na ilikuwa lazima ukiangalie machoni. Nacheka nikiandika, lakini siku zile sikucheka. Nilikihubiria kisiki changu kwa moyo wote, nikitaka kiokoke.

Miezi miwili ikaisha, na viza hazikutoka. Mara mwaliko umekwama ubalozini, mara picha zetu za pasipoti zina kivuli, mara tusubiri masika yaishe. Nilichoka, lakini kuchoka hakukuwa shida. Shida ilianza Mtumishi aliposema kwamba kinachozuia si ubalozi, ni sisi. Kuna mtu ana kitu moyoni. Tukafunga kula na kuomba, kisha tukaketi kwenye duara katika chumba cha kulia, chenye harufu ya utomvu na mafuta ya taa, kila mtu aseme kinachomzuia. Mmoja alisema kiburi, mwingine alisema msichana wa Same. Mimi nikasema ukweli wangu, kwamba kila asubuhi nakwenda nyuma ya choo kuangalia moshi wa kwetu. Mtumishi alinitazama kwa huruma kubwa. "Dada Fidelista," akasema, "mwili wako uko hapa lakini moyo wako uko jikoni kwa mama yako. Ndiyo maana milango haifunguki." Hakuna aliyenilaumu kwa mdomo. Lakini tangu siku ile, kila aliporudi kutoka mjini mikono mitupu, macho ya wenzangu yalinipitia kabla ya kurudi kwenye sahani. Nikaacha kwenda nyuma ya choo. Nikaacha hata kulitaja neno nyumbani. Nilianza kuamini kweli kwamba hamu yangu ya mtori ndiyo iliyowazuia watu wa Kanada wasisikie neno la Mungu, na leo nikiwaza jinsi binti mzima alivyobebeshwa mzigo ule, nasikia hasira mpya, kama jambo la jana.

Sasa nije kwenye zile Jumatano na Jumamosi. Siku hizo wanawake wa vijiji vya chini waliruhusiwa kuingia ukanda wa msitu kuokota kuni, na njia yao ilipita nyuma kabisa ya chumba chetu, karibu kiasi kwamba mizigo ilikwaruza mbao. Kwa ajili yangu, amri ilikuwa madirisha yafungwe, nami nibaki ndani mpaka wapite. Wenzangu walikwenda kwenye mazoezi, mimi nikabaki kitandani gizani mchana kweupe. Wiki za mwanzo niliziba masikio. Kisha Jumatano moja nikamsikia Mama Kristina. Walikuwa wakisema Kichagga, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Mama Fide, mtoto hajaandika bado?"

Halafu nikaisikia sauti ya mama, pale pale, upande wa pili wa ubao.

"Mbona ameandika! Juzi tu. Anasema baridi ya huko si mchezo. Amepewa koti la manyoya linafika mpaka hapa."

"Ee Ruwa! Na chakula?"

"Viazi. Asubuhi viazi, jioni viazi."

"Maskini mtoto."

"Nimemjibu," mama akaendelea, tena kwa sauti ya juu, kama mtu anayemsemesha kiziwi. "Nimemwambia tuko salama. Ng'ombe amezaa, ndama jike. Bibi yake anatembea tena na fimbo. Kahawa ndiyo hivyo, hawa wanunuzi binafsi wamekuja na magari yao mazuri na bei yao mbaya, naona kaka yake atang'oa mibuni apande nyanya. Nimemwambia asiwaze ya huku."

Nilikaa na mkono mdomoni. Barua hakukuwa na barua yoyote. Tulikatazwa kuandika, maana muhuri wa posta ya Moshi ungetuumbua. Kumbe mama yangu, mwanamke asiyeweza kumdanganya hata muuza ndizi, alikuwa amebanwa na maswali ya majirani mpaka akaanza kunitungia Kanada. Kwanza nilimwonea uchungu, kisha nikamkasirikia. Kama angesema tu kwamba sijaandika, ningeweza siku moja kuteremka, nikachekwa, nikaitwa Kanada mpaka kufa, yakaisha. Lakini sasa nikiteremka, anayeumbuka ni yeye. Koti lile la manyoya ningelivuliwa mbele ya watu, na aliyelishona ni mama. Wenzake walitangulia na mizigo yao kichwani, yeye akabaki nyuma. Nilisikia akiutua mzigo, akiufungua na kuufunga upya, polepole, huku akihema. Alikaa pale muda mrefu kwa kazi ndogo kama ile. Niliweka kiganja changu kwenye ubao. Baadaye aliinua mzigo wake akaenda.

Ikawa hivyo mwezi baada ya mwezi. Mama akipita, atasimulia. Fide wa Kanada alipata rafiki, alijifunza kuendesha gari, aliugua mafua akapona. Na kila mara, baada ya Kanada, zinafuata habari alizomjibu: bibi amefanyaje, nani ameposwa, mfereji umebomoka wapi, ndama ameitwaje. Niliishi kwa ajili ya siku zile mbili. Nilimwonea wivu yule Fide mwingine mwenye koti, na pia nilimchukia, kwa sababu kadiri alivyofanikiwa ndivyo mimi nilivyozidi kufungwa. Mara nyingine mzigo wa mama ulifunguka tena pale pale ukutani, naye akautua kuufunga, nami nikashikilia pumzi mpaka aondoke. Sikumwambia mtu. Gaudensia peke yake aligundua, na aliponikuta nalia hakunipa aya yoyote. Alinipa kipande cha sukari guru alichokificha kwenye soksi.

Baada ya kiangazi Mtumishi alipata viza, peke yake. Alisema anatangulia kututengenezea mahali. Tulimwimbia, akapanda lori kwa suti yake ya kijivu, na sitasema zaidi juu yake kwa sababu sijui zaidi. Barua hazikuja. Unga ukapungua, Mama Mlezi akaanza kupika mara moja kwa siku, na uma na visu vikasahaulika kwenye droo. Kisha watu wakaanza kuondoka, mmoja leo, wawili kesho kutwa, na cha ajabu ni kwamba hakuna aliyeaga. Unaamka unakuta godoro limekunjwa. Tulibaki wachache, kisha tukabaki mimi na Gaudensia na Mama Mlezi ambaye naye alikuwa anafungasha.

"Wewe unangoja nini?" Gaudensia akaniuliza siku moja tukimenya viazi vya mwisho.

"Nimeagwa."

"Si tumeagwa wote?"

"Wewe kwenu Tarakea. Kwenu watu wanavuka mpaka asubuhi na kurudi jioni, nani anajali. Mimi kwetu ni pale."

Akanielekezea kisu chake cha viazi. "Basi rudi kutoka Kanada," akasema. "Mwezi wa kumi na mbili Wachagga wote wanarudi. Nawe rudi. Utakuwa umefupisha safari, ndiyo hivyo. Nani atakupima?"

Nilimwambia ana wazimu, na kesho yake tukaondoka. Tulijifunga vitenge mpaka usoni, tukafuata njia ya pembeni mwa msitu mpaka kijiji cha mbali ndipo tukateremka mjini, na kutoka hapo tukaenda Rombo. Mama yake Gaudensia alikuwa na meza sokoni Tarakea, anauza sabuni na mafuta kutoka upande wa Kenya, na alinipokea bila swali moja, isipokuwa kama najua kusimama juani. Nilifanya kazi pale mpaka Desemba. Ujira wangu nilichukua kwa vitu: blanketi lenye maua, biskuti za bati, mafuta ya kupaka yenye harufu ya mgeni, chupa ya chai. Jioni mimi na Gaudensia tuliketi uani tukibandua kila karatasi iliyoandikwa Nairobi. Mama yake alitutazama akacheka mpaka akashika ubavu. "Hiyo Kanada yenu," akasema, "naona iko hapo ng'ambo ya mpaka, nyuma ya Loitokitok."

Nilifika nyumbani na pikapu iliyobeba watu wa Dar es Salaam waliokuja kula Krismasi, nikiwa na sanduku langu na sweta la Mama Kristina. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kujifungua. Vigelegele vilianza kabla sijakanyaga chini. Mama alitoka jikoni akifuta mikono, akanikumbatia akanishika kichwa, akamshukuru Mungu kwa Kichagga, "Aika Ruwa, aika," mara nyingi, na bibi akanigusa uso kwa vidole vyake. Niliwaamkia wazee mmoja mmoja. Wanawake wa jumuiya walijaa uani, wakakaa kwenye majani ya migomba, na maswali yakaanza. Kanada kukoje? Theluji ikoje? Wanazika vipi? Nilijibu kwa jasho. Niliposhindwa mama akanisaidia. "Waeleze lile koti, Fide," akasema. Nikasema nimeliacha, halihitajiki huku, na Mama Kristina akaitikia kwamba ni kweli, koti kama lile litakuwa zito. Meku Stani akauliza miaka mitatu imekwishaje haraka hivyo. Kabla sijafungua mdomo, Mama Kristina akamwambia kwamba huko mbele ya Ulaya siku ni fupi, kila mtu anajua. Hakuna aliyecheka. Niligawa biskuti, mafuta akapewa bibi, na wote wakanusa, wakasema kweli hii ni ya mbali.

Kesho yake, wengine wakiwa kanisani, mimi na mama tulibaki jikoni tunatayarisha ndizi. Nilikuwa nimejipa moyo. Nilidhani nimevuka, na nilidhani nimemvusha na yeye pia. Nikaanza hata kumweleza jambo fulani la huko, sikumbuki lipi, barabara zao au maduka yao. Mama akaendelea kumenya, kisha akasema bila kuinua kichwa, "Tulikusikia wiki ile ya kwanza. Mlikuwa mnaimba. Sauti ya mtoto wangu sitaijua?"

Maji yalikuwa yanachemka.

"Ninyi akina nani?" nikauliza.

"Mimi. Mama Kristina. Sote tuliopita na kuni."

"Wote wanajua? Na jana?"

"Tungefanyaje, Fide? Ulikuwa umeshaagwa. Nikasema, kama mwenyewe anataka awe Kanada, basi yuko Kanada. Wenzangu wakakubali. Nikawa nakuletea habari za nyumbani kwa njia ile niliyoweza." Akaweka kisu chini. Ndipo aliponitazama, na sijausahau uso wake ule, haukuwa na hasira hata kidogo. "Lakini unadhani mimi sijui kufunga mzigo wa kuni? Tangu nikiwa mtoto nafunga kuni, ndiyo zifunguke kila mara mahali pamoja? Nilikuwa nasimama pale nangoja. Nikasema, akigonga tu, hata kwa ukucha, naubomoa huu ukuta kwa panga na kuagwa kwake kupotelee mbali."

Nililia kama mtoto, na yeye hakuninyamazisha.

"Ungegonga, mwanangu," akasema. "Ungegonga hata siku moja."